Kuku Niliyemwiba Kanisani

Mimi ni mwalimu hapa Kianjai, na nyumbani nina kuku kumi na mmoja niliowanusuru kutoka vizimba vya shamba la mayai walipokuwa karibu kuchinjwa. Walipofika hawakujua hata kuchakura. Tangu hapo nyama ya kuku sili, na majirani wananicheka.

Jumapili iliyopita nilikuta tetea amefungwa miguu mlangoni pa kanisa, akihema kwa jua kali. Nikajua huyo ni kitoweo cha mchungaji. Nikamfungua, nikamficha ndani ya leso niliyojitanda, nikaketi nyuma kabisa na kuimba kwa nguvu ili asisikike.

Baada ya mahubiri, Mama Kendi, mwenyekiti wa akina mama, akasimama.

"Leo tuna zawadi ya mwalimu wetu. Tulimcheka sana, lakini mtu mwenye huruma hivyo tumwongezee kuku mmoja. Yuko wapi yule tetea wa mlangoni?"

Tetea akalia kifuani pangu. Kanisa zima likageuka.

"Mwalimu, kumbe umejiibia zawadi yako?" Mama Kendi akauliza.

"Nimeiba," nikasema, nikisimama naye. "Na mkimfunga mwingine juani, nitaiba tena."