Uzito Wangu Mkiani mwa Daraja

Dada yangu mdogo alikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Bambu, mjamzito, akitoka damu tangu asubuhi. Mimi nilikuwa upande wa Bunia na gari la kukodi, shahada mbili na maoni mengi kuhusu hali ya nchi. Daraja lililotutenganisha lilikuwa limechomwa na wanamgambo.

Wanajeshi wahandisi walikuwa wakisukuma daraja jipya la chuma juu ya magurudumu, kutoka upande wetu. Pua yake huning'inia hewani mpaka iguse ng'ambo, kwa hiyo mkia lazima uwe mzito kuliko pua, la sivyo lote linazama. Mifuko yao ya mchanga haikutosha. Sajenti akatupitishia macho sisi tuliokuwa tunangoja, yakatua kwangu.

"Papa, weye iko na kilo mingi. Kuya ikala huku nyuma."

"Leo profesa amepata kazi," akasema dereva mmoja wa pikipiki nilipopanda kuketi mkiani, na wenzake wakacheka mpaka nao wakapandishwa. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kunihitaji, na ilihitaji tumbo.

Pua ilikuwa katikati ya mto risasi zilipoanza kutoka mlimani. Madereva wakaruka, wakakimbilia shamba la mihogo. Daraja likainama mbele. Mimi nilibaki, lakini msinisifu: miguu ilikuwa imekataa.

Wanajeshi walikuwa na bunduki mgongoni na mikono yote miwili kwenye chuma. Hakuna aliyelala chini. Sajenti akaagiza wachache wapande mkiani, pale juu ambapo mtu anaonekana na kila mtu. Wakapanda. Mmoja akaketi bega kwa bega nami.

"Bonjour, papa," akasema, kama tumekutana sokoni. "Usitikisike."

Wenzake wakasukuma. Baada ya muda akaanza kuniegemea. Nilidhani anajikinga nyuma yangu, nikamwambia asogee. Kichwa chake kikaniangukia begani, na shati langu likalowa damu. Nilipopiga kelele, sajenti alitazama, akageuka.

"Muache pale. Pua haiyafika."

Nikamshikilia mpaka ikafika.

Dada alivushwa amelazwa juu ya mlango wa nyumba uliogeuzwa machela, kupitia mbao za daraja ambazo zilikuwa hazijafungwa. Alipona, mtoto hatukumpata. Ndani ya gari aliniuliza damu iliyo kwenye shati langu ni ya nani.

Nikamwambia ni yake.