Nishani za Harusi ya Mfalme

Mtu akiniletea nishani hapa kwangu Nyamugari, mjini Gitega, sianzi kwa kuisifu. Naigeuza kwanza, natazama ukingo. Madini ya fedha halisi huwa na chapa yake pale, ndogo kama doa la nzi. Halafu nauliza: nani aliigonga, yaani aliitengeneza? Serikali ikigonga kitu, hata kiwe cha bati, kina kesho, maana iko siku itaacha kukigonga na watu watakitafuta. Kampuni ya mtu inagonga ili iuze, na inaendelea kugonga maadamu wanunuzi wapo. Kisanduku cha mahameli na karatasi yenye mhuri havibadilishi hilo. Shule niliiacha darasa la pili. Usonara nimefundishwa na moto, na nyumba ninayolala nimeijenga kwa moto huohuo, kwa hiyo nikisema kitu ni shaba, ni shaba.

Rafiki yangu wa kambini, tangu tulipokuwa wakimbizi Tanzania, sasa ni mkulima huku kwetu Burundi, Butihinda. Mwanawe alikuwa anaoa binti wa kilima kimoja kabla hujafika mji wa Muyinga. Mahari ilitakiwa ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba, ndiye mbolea ya migomba yake na maziwa ya wajukuu, na hakutaka kabisa kumtoa. Akawaambia wakwe kwamba mahali pa ng'ombe atatoa nishani za fedha, ukumbusho wa harusi ya mfalme fulani wa Ulaya, alizoachiwa na mzungu aliyemwajiri zamani kutunza bustani. Mimi akanitaka niwe msemaji wake.

"Weye uko sonara," alinambia kwenye simu. "Ukisema ni fedha, nani atabisha?"

Nilimjibu kwamba sisemi kabla sijaona.

Nilifika kwake asubuhi ya siku yenyewe. Mkewe akazileta kwenye ungo, zinawaka kama kioo.

"Nimezisugua na majivu na mchanga, shemeji, kama tunavyosugua sufuria za maziwa. Zilikuwa nyeusi. Wakwe hawapewi kitu kichafu."

Nikachukua moja. Ukingo mtupu, hauna chapa. Kwenye pua ya mfalme palikuwa pekundu. Majivu yalikuwa yamekula lile koti jembamba la fedha, shaba ikachungulia. Nikatazama ya pili na ya tatu, mfalme ni yuleyule, pua ni ileile.

"Hii ni shaba iliyovishwa fedha," nikasema.

"Imevishwa, bon, basi iko fedha," akasema rafiki yangu.

"Na wewe umevaa koti la sufu. Je, wewe ni kondoo?"

Mkewe alicheka. Mumewe hakucheka. "Kwa hiyo haina bei?"

"Ilikuwa nayo, kidogo. Wapo watu wanaokusanya vitu hivi. Lakini wanataka seti nzima, ndani ya kisanduku chake, na weusi wake juu. Wanataka uso kama ulivyotoka kwa aliyeugonga. Ukishausugua, umekuwa kifuniko cha sufuria."

Mama wa watu akaweka mkono mdomoni. "Mi nilitaka kuwaheshimu."

"Wakwe hawajui mambo hayo," akasema mumewe. "We sema tu."

"Sisemi."

"Basi kaa kimya."

"Kimya nitakaa. Wakiniuliza?"

"Hawatakuuliza."

Akamtafuta jirani anayesali naye awe msemaji. Nishani zikatiwa kwenye kisanduku cha mbao, tukaenda.

Kule maneno yalianza kwa mchezo, kama desturi. Msemaji wa upande wa binti, mwembamba, kofia imemfika kwenye nyusi, alitazama kisanduku kikiwekwa mezani. "Tuliambiwa inakuja ng'ombe. Hii yenu inalala kwenye boksi? Inakula nini?"

"Inakula macho ya watu," akajibu wa kwetu, na watu wakacheka wote.

Lakini baba wa binti hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba kati yetu yumo sonara. Akanigeukia. "Mutama, mzee wetu wa Gitega, we ndo unajua vitu hivi. Binti angekuwa wako, ungepokea?"

Rafiki yangu akatazama viatu vyake. Mimi nikaweka Fanta chini.

"Nisingepokea. Ni shaba. Inafaa kupamba meza."

Wapo waliosema baadaye kwamba nilimvua nguo rafiki yangu mbele ya wakwe. Waseme. Siku moja wakwe wangepeleka nishani kwa sonara, pengine kwangu mimi, na yule binti angeitwa mke wa shaba mpaka azeeke. Niliyajua hayo nikiwa nimekaa pale, na hata leo ningejibu vilevile.

Baba wa binti alifunga kisanduku, akakirudisha upande wetu. "Harusi haivunjiki," akasema. "Ila hapa kwetu mahari ina kwato."

Rafiki yangu hakumngoja msemaji. Akasimama mwenyewe na kumtaja ng'ombe wake, rangi yake, na mimba yake. Shangazi wa binti akasema ndama atakayezaliwa atarudishwa kwa maharusi, ndiyo ile zawadi ya wakwe tunayoiita indongoranyo. Watu wakapiga makofi. Rafiki yangu hakupiga.

Usiku ule nililala kwake. Kesho yake asubuhi alinishikisha kamba ya ng'ombe.

"Umeitoa weye, utaipeleka weye."

Nikashika. Nilikuwa na viatu vya mjini na goti bovu, lakini sikumwomba aniachie. Yeye alinifuata nyuma mpaka bondeni, kwenye daraja la magogo. Hapo ng'ombe akagoma. Rafiki yangu akaja mbele, akaninyang'anya kamba, akavuta. Mimi nikaenda nyuma kusukuma, na ng'ombe akanimwagia samadi suruali nzima.

Rafiki yangu akageuka, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Na hiyo, sonara? Iko halisi?"

"Halisi kabisa," nikamwambia. "Vuta kamba."