Barakoa ya Sehemu ya Pili

Mimi nasomesha hesabu, na mtu wa hesabu akiambiwa fulani karuka kutoka jabali hili hadi lile, kwanza huuliza kati yake kuna hatua ngapi. Ndiyo maana binti yangu alikuwa hapendi kunihadithia filamu zake. Lakini mimi ni mdadisi pia, na udadisi wangu ni mbaya kuliko hesabu zangu: kitu nikishakiona nusu, situlii mpaka nikione chote. Siku aliyorudi nyumbani, hapa Ibra, Omani, uso umemshuka, nikamkalisha jikoni nikamwambia, "Leo utanieleza, tangu bismillahi."

Akanieleza, kwa Kiarabu, maana ndicho tunachozungumza mimi na yeye. Kuna vitabu vya picha vya Kijapani, vinasomwa kuanzia kulia kama vitabu vyetu vya Kiarabu, na yeye na wenzake watatu wa chuoni wameipenda hadithi moja humo. Ni karani wa posta, mtu mnyonge wa kupangapanga barua. Akivaa barakoa yake, humsikia kila anayeita, hata akiwa mbali vipi, na lazima amwitikie. Hiyo ndiyo nguvu yake. Hatupi moto, hanyanyui magari. Anasikia, anaitika, anakwenda.

"Basi huyo si shujaa," nikasema, "huyo ni mama wa watoto sita."

Hakucheka. Sehemu ya kwanza walikuwa wameshaitengeneza, wao wenyewe, kwa kamera ya kuazima, wakaionyesha katika ukumbi wa chuo kule Nizwa. Barakoa ya shujaa waliikata kwenye mkoba wa kompyuta wakaifunga kwa mpira wa suruali. Katikati ya mapigano mpira ukakatika, barakoa ikamwingia shujaa mdomoni, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wakacheka mpaka mwisho. Wakacheka hata pale palipotakiwa watu walie. Sasa chuo kimewapa nafasi waonyeshe sehemu ya pili, na yeye keshajiapiza: wakimcheka tena, hashiki kamera maisha yake.

Namjua mwanangu. Akisema hataki, hataki. Kichwa hicho kakirithi kwangu mimi mama yake. Na mimi niliyekuwa nikizikebehi filamu zile, pale jikoni nikajikuta roho inaniuma, maana sijapata kumwona anapenda kitu kama anavyoipenda kazi ile. Nikamwambia, "Tatizo lenu barakoa. Nenda kamwone bibi yako."

Mama yangu anakaribia miaka themanini. Kazaliwa Unguja, mjini, akaja huku keshaolewa, na mpaka leo Kiarabu chake ni cha kununulia samaki. Anakaa kwetu, chumba cha mbele, na cherehani yake ya mkono. Binti yangu naye Kiswahili chake ni cha kuombea chai. Wakizungumza wao wawili mimi husimama mlangoni kusikiliza, maana ni burudani.

"Bibi, mimi nataka barakoa."

"Barakoa!" Mama akavaa miwani. "Anavaa nani?"

"Shujaa."

"Yukoje huyo?"

"Ni mtu mkubwa sana. Watu yote wanamheshimu. Hakuna mtu anaona uso yake."

"Nyeusi?"

"Nyeusi, na dhahabu hapa." Akajipitisha kidole kwenye paji la uso, akakishusha juu ya pua.

"Naijua," Mama akasema. "Niachie wiki."

Niseme kweli, na mimi sikushtuka. Kwa binti yangu barakoa ni neno la siku za korona, kile kitambaa cha kuziba pua na mdomo, na kwa kuwa hana jingine, kila kinachofunika uso kwake ni barakoa. Jumatano nikaomba ruhusa skuli, nikampeleka Mama soko la wanawake. Akapita kwa mabibi wa kibedui, akavutana nao kwa Kiarabu chake cha samaki, akarudi na kitambaa cheusi kinachong'aa na kuacha rangi vidoleni, uzi wa dhahabu, na kijiti.

"Mama, kijiti cha nini?"

"Cha pua."

"Shujaa ana pua ya kijiti?"

"Wewe kasomeshe hesabu zako."

Nikamdadisi njia nzima: kajifunzia wapi, kwa nani, mbona miaka yote sijamwona akishona kitu hiki. Akaniambia nitazame barabara. Alhamisi alasiri akaitoa imefungwa ndani ya kanga, akakataza isifunguliwe mpaka afike mwenye kuivaa. Barakoa, alisema, haijaribiwi na kila mpita njia.

Kupiga picha kulikuwa Ijumaa moja tu, hakuna ya pili. Kijana aliyekuwa shujaa, mmoja wa wale watatu, keshamaliza chuo na anafanya kazi mji wa Sur, na Jumamosi anasafiri kwenda mafunzoni nje kwa miezi sita. Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri, gari mbili, kwenda bonde la Wadi Bani Khalid kabla watalii hawajajaa kwenye maji. Mama naye akaja, na bakora yake na chupa ya kahawa ya tangawizi. Hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

Tulipofika, kanga ikafunguliwa juu ya boneti ya gari.

Yarabi! Ilikuwa nzuri mno. Matundu mawili ya macho yamezungushiwa uzi wa dhahabu, mshono juu ya mshono, na kijiti kimesimama ndani ya kitambaa juu ya pua, na vishada viwili vya kufungia kisogoni. Mimi nilishaona za namna hiyo, kila mtu wa jimbo letu la Sharqiyah kaziona, mabibi wa kibedui wanazivaa hadi leo. Shujaa wetu alikuwa ni mtu wa huko huko, Mbedui wa mchangani. Akaishika kwa mikono miwili.

"Khalti," akaniambia kwa Kiarabu, yaani mama mdogo, taratibu, "hii ni burqu'. Bibi yangu anayo. Kwetu sisi hiki ndicho kilichokuwa uso wa mama. Siwezi kukivaa nikagaragazwa kwenye matope."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Angekasirika ningemjibu. Akairudisha ndani ya kanga kwa adabu zote. Binti yangu akakaa juu ya jiwe akajifunika uso kwa makaratasi ya filamu. "Khalas, basi," akasema. "Tutavaa ile ya mwanzo. Waache wacheke."

"Kuna nini?" Mama akaniuliza. Nikamwambia shujaa ni mwanamume, karani wa posta.

"Mwanamume! Mwanamume na barakoa wapi na wapi! Hakunambia huyu!"

Na kweli hakumwambia. Kwa Kiarabu ungejua tangu neno la kwanza kama anayevaa ni mume au mke. Kwa Kiswahili chetu ni "anavaa", ni "mtu", ni "huyo". Mama kauliza kwa Kiswahili, kajibiwa kwa Kiswahili, na wala hapana aliyesema uongo. Nikataka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Basi na avae mwanamke," Mama akasema. "Kwani huyo karani hazeeki, hapewi uhamisho?"

Binti yangu akaondoa makaratasi usoni. Nikamwona anafikiri. Karani kapata uhamisho. Barakoa anamwachia mtu mwingine. Sehemu ya pili inaanza hapo. Lakini mwanamke gani? Yeye mwenyewe ndiye mshika kamera, na wenzake waliobaki ni wanaume watupu. Wote wakanigeukia.

"Nani, mimi? Ebo! Mimi mwalimu! Wanafunzi wangu wakiniona?"

"Hawatakuona," Mama akasema. "Ndiyo kazi yake hiyo."

Akanifunga mwenyewe. Kitambaa kilinukia rangi mbichi. Nilidhani nitaona aibu, kumbe kilichonipata ni udadisi mtupu, maana kumbe ndani ya kitu kile huoni pembeni: ukitaka kumtazama mtu lazima ugeuze kichwa kizima, na ukigeuza kichwa kizima unakuwa mzito, unakuwa na amri. Watalii wawili walinipisha njia bila kuambiwa. Mimi ambaye hata foleni ya mkate napigwa vikumbo! Nikapokea barakoa kwa karani, nikakimbia, nikaruka, nikaanguka majini mpaka kiunoni na nikatukana kwa Kiswahili. Binti yangu akasema, "Mama, hiyo nzuri, tunaiacha."

Picha ya mwisho ilikuwa rahisi. Shujaa anapita kando ya mfereji, chini ya mitende, na bibi kizee aliyekaa chini anamwita. Bibi kizee alikuwa awe mwenzao mmoja kajitanda shuka. Mama akasema upuuzi gani huo, akaenda akakaa yeye. Alitakiwa anyooshe mkono aseme kwa Kiarabu, "Nisaidie, mwanangu." Akafanyishwa mara mbili, akayaweza.

Nikaja. Mama akainua macho, akaniona ndani ya barakoa ile, na uso wake ukabadilika. Akaivuta kanga ikamfunika mabega, akajikunja, akatazama chini. Akasema kwa sauti ndogo, ya mtoto:

"Shikamoo, bibi."

Mimi! Kanizaa yeye! Na wala hakusema bibi kama anavyosema mjukuu wake. Alisema bibi ya mwenye nyumba, bibi wa watu. Nikasimama, sijui muda gani, kisha nikageuka nikaenda zangu mpaka nikatoka mbele ya kamera.

Njiani kurudi nikamuuliza. Alinieleza kidogo tu. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtoto wa mjakazi wa nyumba moja kubwa huko mjini Unguja, na aliwashonea barakoa mabibi wa nyumba ile umri wake wote. Yeye mwenyewe hakupata kuiweka usoni hata moja. Haikuwa yake kuvaa. Siku za mwisho, mabibi wenyewe wakiwa wamebaki wachache, Mama alikuwa mtoto mdogo akimfuata kwenda kuzipeleka. Miaka yote nimekaa na mama huyu, nawatambia watu ukoo wetu wa Kiarabu kwenye kila harusi, na hili sikulijua. Nilipotaka kuuliza zaidi akaongeza sauti ya redio.

Baada ya wiki mbili binti yangu akaniita chumbani kwake. Filamu ilikuwa imekwisha, imebaki doa moja. Akanionyesha: bibi kizee anaamkia, shujaa anasimama, shujaa anaondoka.

"Mama, shujaa wangu anasikia kila mtu na lazima aitike. Hapa hajaitika. Hapa ndipo watacheka."

"Ikate."

"Siikati. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Umetupa mgongo, mdomo wako hauonekani. Sema tu neno lenyewe, mimi naliweka."

Akanitia ndani ya kabati la nguo, ati sauti isipige mwangwi, akanipa kipaza sauti. Neno moja. Watu wanalisema mara ishirini kwa siku bila kufikiri. Nikalisema kama naita majina darasani. Akasema, "Tena." Nikalisema kama namjibu mwizi. Mara ya tatu halikutoka kabisa. Nikatoka kabatini jasho linanitiririka, na Mama huyo mlangoni, kaegemea bakora yake.

"Mnafanya nini?"

"Ninaambiwa nikuitikie shikamoo yako," nikasema, na hasira zilikuwa zimeshanipanda. "Siwezi. Nitamwambiaje mama yangu marahaba? Ni utovu wa adabu!"

Mama akakaa kitandani.

"Bibi yangu alikuwa anafika," akasema, "anakaa chini, anasema, shikamoo bibi. Yule bibi anaichukua barakoa, anautazama uzi, anaingia ndani. Siku zote nilizomfuata, hakuitikiwa hata mara moja. Na mimi nilikuwa mtoto, kila siku njiani nasema leo ataitikiwa, leo uzi ni mzuri zaidi." Akanitazama. "Nilipokuona kule wadi sikujua nasema nini, limenitoka lenyewe. Wewe ukanigeuzia mgongo. Nikasema, basi, hata na huyu."

Binti yangu hakuwa ameelewa yote, lakini alielewa ya kutosha, maana alikuwa ameshazima feni bila kuambiwa.

"Niitikie," Mama akasema.

Sikuingia tena kabatini. Nikapiga magoti pale chini mbele yake, nikamshika mikono, na binti yangu akashika kipaza sauti kati yetu. Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Ilitoka imekatika katikati, na binti yangu akasema hairudiwi.

Nizwa tulikwenda sote. Ukumbi ulijaa, na wengi wao, naapa, walikuja kucheka. Nilipoanguka majini wakacheka, na ni haki yao. Binti yangu alikuwa kaning'ang'ania mkono mpaka pete ikanikata. Kisha ikaja mitende, ukaja mfereji, akaja Mama na kanga yake na sauti yake ndogo. Mgongo wangu ukasimama pale mbele ya watu wote, mkubwa kama mlango, haugeuki. Nikasikia mtu nyuma yangu anaanza kukoroma kicheko. Ndipo sauti yangu ikatoka kwenye spika, imekatika vilevile: marahaba, mwanangu.

Aliyekuwa akicheka akanyamaza. Hawakujua Kiswahili, wengi wao, wala hapakuwa na maandishi chini. Binti yangu akauachia mkono wangu.

Mama alikuwa kakaa kati ya ukoo wetu wote, wakubwa kwa wadogo, wa Ibra na wa Mudhaibi, ambao hawajui lolote juu ya mjakazi yeyote. Akashusha pumzi.

"Bibi yangu amesikia," akasema, wala hakuteremsha sauti.