Siki Iliyonifanya Nimshike Baba Mkwe

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, mwaka 1992, hapa Ibighi, Tukuyu, nilipoteza heshima yangu kwa baba mkwe, heshima niliyoilinda miaka kumi na minne, na niliipoteza asubuhi moja, mbele ya watu wa ukoo na majirani, kanga ikiwa imenidondoka. Naona aibu kuandika. Lakini wengine wameshasimulia, tena kwa kuongeza, basi na mimi niseme bila kuongeza.

Mume wangu Gwakisa alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye mlango wake wa kutokea barabarani, ndicho alichokuwa akishonea. Tangu tumzike sikukifungua. (Si kwamba nilimkataza mtu. Nilikuwa napita tu, naangalia upande mwingine.) Ikaja habari kutoka Kinyala, kijijini kwa wakwe zangu, kwamba baba mkwe na wenzake wanakuja kukaa kikao cha nyumba: ama nibaki humo na watoto wangu watatu, ama apewe shemeji yangu Ambakisye, mdogo wake marehemu, na mimi nirudi kwa wazazi wangu. Wazazi wangu walishakufa wote wawili. Mnaweza kuona jinsi nilivyokuwa silali.

Wasio wa kwetu niwaeleze kidogo. Kwetu mke wa mtoto humtila baba mkwe wake, maana yake humwogopa kwa heshima: hamsogelei, hamtazami usoni, hataji jina lake, na akimwona njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Wasichana wa mjini siku hizi wanacheka, ila mimi nililelewa hivyo, na jina lake hata hapa silitaji. Miaka yote hiyo nilimjua kwa kofia na fimbo, kwa mbali. Hata msibani yeye alilia upande ule wa nyumba na mimi upande huu. Kwa hiyo akija lazima apate chumba chake chenye mlango wake, na chumba cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, cha Gwakisa.

Nikakifungua asubuhi hiyohiyo ya Jumamosi (kosa langu la kwanza, nilikuwa nimeahirisha wiki nzima). Mvua za Tukuyu mnazijua, nyumba ukiifunga miezi minne inaota nywele. Kuta zilikuwa nyeusi kwa ukungu kutoka chini mpaka kiunoni, na harufu ilikuwa ya kitu kilichokufa. Nikaogopa. Nikawaza mzee akiingia humu atasema mjane amekitupa chumba cha mwanangu, na kikao kitakuwa kimeishia mlangoni.

Sabuni sikuwa nayo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Bagamoyo (Bagamoyo yetu ya hapa Tukuyu, si ile ya pwani) yamejaa sabuni za kila rangi. Zamani tulikuwa na pesa kidogo na sabuni hakuna. Sasa sabuni ipo, mimi ndiye sina. Nilichokuwa nacho ni siki. Jirani yangu Mama Zuhura, mke wa mwalimu, mtu wa Tanga, ndiye aliyenifundisha kuitengeneza.

"Mama Lusajo," aliniambia siku moja, "ndizi zote hizi mnawaachia nguruwe? Ziloweke kwenye mtungi, zisahau mpaka zichachuke. Siki hiyo, mwenzangu. Inasugua sufuria, inafuta vioo, inakata harufu."

Na ni kweli ilifanya hivyo. Miezi ile yote nilisafishia siki, madirisha yangu yaling'aa kuliko ya wenye sabuni. Siki haikuwa na kosa lolote, hilo nalisema wazi.

Kosa lilikuwa kwenye rafu ya Gwakisa. Kulikuwa na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, aliyokuwa akitolea madoa kwenye mashati ya kwaya. Maandishi yake ya kigeni, na mimi niliishia darasa la nne. Nilikuwa nimeshasugua ukuta kwa siki, harufu imepungua ila weusi umekaa palepale, muda unakwenda, nikawaza: siki inatoa harufu, dawa inatoa weusi, nikiziweka pamoja zitafanya kazi ya watu wawili. Nikamimina chupa yote kwenye beseni la siki.

Ikachemka kidogo, ikanichoma pua, macho yakatoka machozi, nikakohoa, na niseme ukweli, nilifurahi. Nilidhani hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Nikalisukuma beseni chini ya meza ya kukatia vitambaa ili livute harufu ya pembeni. Dirisha nilikuwa nimelifunga kwa sababu ya manyunyu.

Hapo nikasikia sauti ya wifi yangu Tusekile, dada yake Gwakisa, aliyekuja mapema kunisaidia kupika.

"Wifi! Toka humo! Tata huyo, mkwe wako, ameshafika kwa fundi baiskeli!"

Walitakiwa kufika mchana. Nikatoka mbio kwa mlango wa ndani, nikajificha nyuma ya jiko. Beseni likabaki chini ya meza.

Nikamsikia mzee akiingia, kiti kikilia, na mlango wa barabarani ukifungwa, maana kulikuwa na baridi. Ambakisye na wazee wengine wawili walibaki nje wakisalimiana na watu. Kisha mzee akakohoa. Mara moja, mara tatu, halafu bila kupumzika. Na mimi kule jikoni bado nilikuwa nafuta machozi ya ile hewa, koo linaniwasha, na hapo ndipo nilipoelewa: ni lile beseni.

"Wifi, nenda katoe beseni mle ndani. Haraka."

"Beseni gani? Mzee ameshakaa."

"Basi mtoe yeye."

"Nimtoe baba yangu kwenye kiti? Nimwambie mkwe wako ana shida na beseni?"

"Kuna kitu kinachoma mle. Nimekichanganya mimi."

"Kifua chake hicho, gwe wifi, Kinyala nzima tunakijua. Chochea moto."

Nilitaka kuita, lakini nimwite nani, na kwa jina gani? Nilisimama na mwiko mkononi. Kukohoa kukageuka kuwa kama mluzi. Kitu kikaanguka. Halafu kukawa kimya, na kimya kile nilikiogopa kuliko yote niliyowahi kuyaogopa, kuliko hata siku ya mwezi wa tatu, kwa sababu siku ile si mimi niliyesababisha.

Nikaingia.

Hewa ilikuwa kama pilipili iliyotiwa motoni. Mzee alikuwa amesimama, ameegemea ukuta, anapapasa kutafuta mlango upande usio na mlango. Akageuka, na nikamwona uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Gwakisa, yaleyale. Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu nani angeniambia?

Nikamkamata. Mkono mmoja nyuma, mwingine kwenye kola ya koti, nikamvuta, kanga ikanasa kwenye cherehani ikabaki huko, nikaupiga mlango kwa bega, tukatokea barabarani sote wawili, tukaangukia majani, mimi chini na yeye juu yangu, nikiwa na gaguro tu.

"Mwe!" akapiga kelele mwanamke wa ng'ambo ya barabara. "Mke wa fundi anapigana na mkwe wake!"

"Amemshika baba!" Ambakisye akawa anaruka. "Amemshika baba kwa mikono!" Kisha akachungulia chumbani, akarudi nyuma akikohoa, na sauti yake ikabadilika. "Mle ndani kuna nini? Umeweka sumu?"

 Mjane, mzee, sumu, siku ya kikao cha nyumba. Niliona watoto wangu wakiwa barabarani na vifurushi.

Mama Zuhura alikuja na ndoo ya maji, akamwosha mzee macho, akamkalisha penye upepo. Polepole pumzi ikarudi. Mzee mmoja kati ya wale wawili akasema, "Ni kifua tu. Mkwe amemwokoa." Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Ningeweza kunyamaza hapo, na mngekuwa mnasoma habari ya shujaa.

"Si kifua," nikasema, nikiwa nimewapa mgongo na kujifunika kanga ya Mama Zuhura. "Nilichanganya siki na dawa ya nguo, nikaiacha mle. Sikujua. Lakini ni mimi."



Kikao walikikalia uani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nimekumbatia magoti. Ambakisye alisema maneno mengi, na mengi yalikuwa ya kweli: kwamba mimi ni hatari, kwamba sijui kusoma chupa, kwamba nimemvunjia mzee heshima. Kisha baba mkwe akasema, sauti imekwaruza, ikabidi wote wanyamaze ili asikike.

"Mkwe amenishika mwilini. Nyumba hii mimi siingii tena mpaka nife. Ambakisye, ukikaa hapa, nitakutembelea wapi? Barabarani?"

Ambakisye akatazama barabara.

"Basi akae yeye na watoto. Wewe chukua cherehani."

Kama aliamua kwa hasira au kwa huruma, sikujua, na hakuna njia ya mimi kumwuliza. Walibeba cherehani wakaondoka kabla ya chakula. Mimi nilimwaga lile beseni shimoni, nikafungua dirisha na milango yote, na nikaapa peke yangu mle chumbani kwamba kitu nisichoweza kukisoma sitakichanganya na kingine, hata kama ni maji.

Wifi Tusekile alibaki kuosha vyombo. 

"Wifi. Ulimshika wapi hasa?"

"Kwenye kola."

"Na mkono wa pili?"

"Kwenye mkanda wa suruali."

Akaweka sahani chini. "Hilo la mkanda usimwambie mtu yeyote."

"Nimeshakwambia wewe."

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilikuwa nashuka ngazi nikiangalia chini, kina mama wa kwaya wakanizunguka wakinipa pole, na mmoja akaniinamia sikioni, uso ameukaza kwa kujizuia kucheka, akaniuliza: "Mama Lusajo, ule mkanda ulikuwa wa ngozi au wa kitambaa?"

Nikamjibu kwamba ulikuwa wa ngozi.