Wingu la Miraji na Picha ya Mama Mkwe

Kibiti nzima ilimjua Miraji kwa picha za paspoti na za harusi. Wachache walimjua kwa ukaidi wake. Hao ndio waliokuwa wakimwona, watu wakishaswali isha, yuko nyuma ya nyumba ameinamia darubini kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Darubini yenyewe aliachiwa na Mwalimu Nicolaus wa jiografia, aliyepata uhamisho wa kurudi bara. Ndiye aliyemwonyesha zile nyota tatu zilizojipanga, na karibu nazo wingu dogo la vumbi na gesi ambalo jicho huliona la kijivu tu. "Kamera inaliona jekundu," mwalimu alimwambia, kisha akapanda basi akaenda zake. Sasa unamwambiaje mpiga picha neno kama hilo halafu unaondoka? Ulitegemea atulie?

Hakutulia. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamejaa, filimu za rangi zinapatikana mpaka Kibiti. Akaitoa lenzi ya kamera yake ileile ya paspoti, akaichomeka kamera kwenye darubini, akaziba mwanya kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nyota nazo hazikai mahali pamoja, zinasogea. Akafunga skrubu ndefu, akawa anaizungusha kwa vidole, polepole, kulifuata wingu huku kamera imeachama. Akitetemeka kidogo tu, nyota zinatoka michirizi. Aliharibu nyingi. Mkewe, Rukaya, alikuwa akimcheka: "Baba Amri, hao unaowapiga hata hawajakuita."

Januari moja, anga likiwa safi, alianza mkanda mpya wa filimu kwa wingu lake, picha kadhaa. Mkanda haukuisha, na mkanda ulioanzwa hautupwi. Ukabaki ndani ya kamera kungoja harusi ya Ruaruke, ambako mjukuu wa mama mkwe wake alikuwa anaolewa.

Mama mkwe huyo, Bi Mwanamina, hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Akiulizwa husema, "Sura hii mnaijua, mnaitakia nini tena?" Siku hiyo mjukuu alimbembeleza mpaka akakubali, kwa sharti apigwe wa kwanza, kabla uwanja haujajaa watu. Akaketi mkekani, bibi harusi ubavuni. Na Miraji, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kumtazama machoni miaka yote hiyo, alimtazama kwa mara ya kwanza kupitia kamera. Aliona jinsi Rukaya alivyofanana naye. Akabonyeza.

Mkanda haujapelekwa Dar es Salaam kusafishwa, Bi Mwanamina akaugua ghafla, akafariki. Matanga yalipokwisha, Rukaya hakutaka kitu kingine. "Nenda kaniletee mama," alimwambia mumewe.

Huko mjini, fundi wa kusafisha picha alimkabidhi bahasha bila kumtazama usoni. "Moja imekatika, kaka. Mwanzo wa mkanda palikuwa patupu, haionekani picha inaanzia wapi wala inaishia wapi. Nikakisia pa kukata. Nilipofika kwenye watu ndipo nikaona nimekata katikati. Zilizobaki nzima kabisa."

Miraji hakuuliza ni ipi. Wala hakumlaumu fundi, maana aliyeanza mkanda kwa giza ni yeye mwenyewe. Ndani ya bahasha Bi Mwanamina alikuwa vipande viwili, mkato umepita shavuni. Chini yake kulikuwa na wingu, jekundu kama alivyoambiwa, limekunjuka, nyota zimetulia moja moja. Njia nzima ya kurudi alishindwa kulifurahia, na alijichukia kwa sababu kila mara alitamani kulitazama tena.

Nyumbani aliunga vile vipande kwa selotepu, akampa Rukaya, akamweleza yote bila kuficha. Rukaya alipitisha kidole kwenye ule mstari.

"Na wingu lako, lilitoka?"

Angeweza kusema halikutoka. "Lilitoka."

Akaliomba, akalitazama sana. "Zuri," alisema. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo ulianza na hili, ndipo akafuata mama."

Miraji akaisukuma darubini uvunguni, ikakaa humo masika yote na kiangazi chote.

Aliyeitoa ni Rukaya. Kila jioni alimkuta mumewe amesimama nyuma ya nyumba mikono mitupu, ametazama juu, na hilo likamuudhi kuliko darubini yenyewe. "Huyo fundi anahitaji nini ili asikosee?" aliuliza. Miraji akamweleza: picha moja ya mchana, mwanzoni mwa mkanda, ambayo mipaka yake inaonekana.

"Basi nianze mimi," alisema, akaenda kusimama mlangoni na kanga yake ya jikoni, mikono ina unga.

Ikawa ndiyo desturi yao. Mawingu aliyoyapata Miraji tangu hapo si mengi. Lakini katika albamu yake, kabla ya kila wingu, na kabla ya kila giza ambalo halikutoa kitu, yupo Rukaya mlangoni: amenuna, anacheka, ana mimba, ana mvi. Ukimwomba akuonyeshe picha za nyota, Miraji hufungulia hapo, na huchukua muda mrefu kufika kwenye nyota.