Kiwanja cha Simenti

Kiwanja cha kwanza cha basket cha misioni yetu, hapa Bukavu, nilikitengeneza mimi, wakati Wabeleji bado wako. Udongo niliupiga kwa gogo la muti majuma mawili mpaka ukawa mugumu kama tofali, juu vumbi kidogo tu. Masomo niliacha mwaka wa pili wa primeri, lakini padri alinipa mimi filimbi ya kuamua michezo, si makarani wenye karavati shingoni. Mpaka leo sijaona arbitre aliyenishinda.

Siri yangu ilikuwa lile vumbi. Sheria ya mutu anayezuia iko rahisi kuisema: afike kwanza, miguu yote miwili chini, kifua kimutazame mwenye mupira. Hapo akigongwa, kosa ni la mwenye mupira. Akichelewa, akajitupa njiani wakati mwenzake amekwisha kufika, kosa ni lake. Lakini watu wawili wakianguka pamoja, nani ameona? Mimi niliinama, nikasoma alama za miguu kwenye vumbi. Visigino viwili vimekaa vizuri: alikuwa amesimama. Mukwaruzo murefu: alichelewa. Niliwaita makapiteni, "Kujeni musome wenyewe," na kelele zikaisha.

Kapiteni wa timu ya makarani alikuwa na kitabu cha sheria cha Kifaransa.

"Mompere," alimwambia padri mbele yangu, "huyu papa hajui kusoma. Siku moja atatupatisha haya."

Padri akajibu, "Siku akishindwa kuamua, filimbi itatoka kwake."

Kisha padri akapata simenti. Nani aliimwaga? Mimi tena. Siku sita kuikoroga, kisha kuimwagia maji asubuhi na jioni isipasuke, kisha mistari. Ikatoka laini kama meza ya altare. Jumapili ya kukifungua, baada ya misa, nilijisifu mbele ya kila mutu, lakini mabega yalikuwa yamekufa.

Makarani walicheza na timu ya wafundi wa matofali, filimbi kwangu. Dakika ya mwisho, wafundi walikuwa mbele kwa pointi moja. Kapiteni wa makarani akaingia mbio na mupira, fundi mumoja akatokea pembeni, paa! Wote wawili chini. Nikapiga filimbi. Nikainama.

Simenti ilikuwa safi. Hakuna kitu.

"Papa arbitre, umeangusha sindano?" mutu akapaza sauti, na watu wakacheka.

Karani hakucheka. Alikuwa amekaa chini, anashika goti. "Fote ya nani, papa? Kosa la nani? Sema."

Miaka yote ile mimi nilitazama mupira. Miguu sikuitazama hata siku moja, udongo uliitazama kwa ajili yangu. Ningeweza kubahatisha, sauti ninayo. Lakini nilikuwa nimechoka, na hata kudanganya kunataka nguvu.

"Sikuona," nikasema.

Nikavua kamba ya filimbi shingoni, nikaiweka mukononi mwa padri kabla hajaniomba. Akarusha mupira juu katikati ya wale wawili, muchezo ukaendelea. Nani alishinda sikuangalia. Nilikaa pembeni, mugongo kwa ukuta.

Karani alikuja akichechemea, akanipa maji.

"Lakini papa, simenti yako iko muzuri."

"Najua," nikamujibu.