Breki za Godoro

Godoro hakupewa jina hilo kwa sababu ya unene. Alikuwa mifupa mitupu. Waliombatiza ni abiria wa basi la masafa marefu, kwa kuwa wakipanda gari lake walilala mpaka mwisho wa safari. Madereva wenzake walipiga breki, vichwa vikagonga viti vya mbele na matusi yakafuata. Yeye aliisoma barabara tangu mbali, akaondoa mguu mapema, basi likasimama lenyewe kwa adabu. Breki, aliwaambia wanafunzi wake wa udereva, ni ya mtu aliyechelewa kufikiri. Alipostaafu, majigambo hayo hakuyastaafisha.

Kigari cha umeme alikinunua figo za mkewe zilipogoma, ikawa lazima apelekwe hospitali kila baada ya siku moja akasafishwe damu kwa mashine. Mabasi yalimshinda mama wa watu. Mtikisiko wa ghafla ulimtapisha, na mkono wake wa kushoto, ule unaochomwa sindano, haukutakiwa kugongwa na chochote. Kigari chenyewe kilimkaa Godoro kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake: ukiondoa mguu tu, mota inakipunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Pedeli ya breki ikawa pambo. Ukaguzi wa mwaka wa kwanza kilipita, akatamba mtaa mzima. Wa pili kilipita kwa onyo kwamba breki za nyuma zimeanza kutu, na onyo hilo likaingia sikio hili likatokea lile.

Ukaguzi wa tatu alikipeleka siku ile ile stika ya ukaguzi ilipokuwa inaisha, maana hakuona cha kumharakisha. Kesho yake asubuhi mkewe alitakiwa hospitali. Bila stika gari haliruhusiwi barabarani, na mkewe alikuwa ameshasema hapandi gari la mtu mwingine. Godoro akamketisha kwenye benchi la wanaosubiri, akamkabidhi ufunguo mkaguzi, binti mwenye ovaroli iliyopauka na uso usiojua utani.

Taa zikapita. Matairi yakapita. Breki za mbele zikapita kwa shida. Binti akayapandisha magurudumu ya nyuma kwenye mashine ya kupimia breki, akakanyaga, akatazama mishale miwili, wa kulia na wa kushoto. Akakanyaga tena. Kisha akalinyanyua gari na kumwita mwenyewe aje aone. Sahani za chuma ambazo breki huzibana, ambazo zilipaswa kung'aa, zilikuwa nyekundu kwa kutu, na ya kushoto ilikuwa na mabaka kama sufuria iliyosahauliwa mvuani.

“Lakini hizi breki ni mpya,” Godoro akasema. “Sijazitumia hata kidogo.”

“Ndiyo shida yenyewe, mzee. Zimeozea hapo hapo.”

Akamweleza taratibu kwamba chuma hicho husafishwa na kule kubanwa kubanwa, na kisipobanwa hukamatwa na kutu. Halafu akamuuliza swali moja. Betri ikijaa pomoni, mota haina pa kuupeleka umeme, kwa hiyo kuondoa mguu peke yake hakulipunguzi gari mwendo. Je, halijawahi kumkimbia mteremkoni? Godoro akajibu hata siku moja.

Uongo mtupu. Wiki chache tu nyuma alitoka nyumbani na mkewe, betri imejaa, akaondoa mguu pale mteremko unapoanza, na kigari hakikumjali. Akakanyaga breki, kikasita kidogo, kikaingia njia panda mbele ya lori la mchanga, ambalo lilimkwepa kwa kudra za Mungu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi. Alimtupia mkewe jicho, akamwona ameegemea dirisha, macho yamefumbwa, akashukuru kwamba amelala. Tangu hapo alichaji nusu nusu na kukaa kimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliyaficha huku amempakia mtu mwingine.

Mkaguzi akampa nafasi. Nyuma ya karakana palikuwa na kiwanja cha majaribio: aende akakimbize, akanyage breki kwa nguvu tena na tena, huenda kutu ikasuguka kabla hawajafunga. Godoro akaenda. Lakini mguu uliobembeleza maisha yake yote haukukubali kupiga teke uzeeni. Akarudi kwenye mashine, mishale ikakaa pale pale.

“Umekanyaga kama unaogopa kumwamsha mtoto,” binti akasema bila kucheka.

Hapo mkewe akainuka benchini, akajikongoja hadi garini, akaketi mbele na kufunga mkanda. Godoro akamsihi ashuke. Akamkumbusha mkono, akamkumbusha kichefuchefu, akamtaja na daktari. Mkewe akaupakata mkono wa kushoto kwa ule mzima na kutazama mbele.

“Twende ukanyage.”

“Utaumia, mama watoto.”

“Siku ile ya lori sikuwa nimelala,” mkewe akasema. “Nilijua tunakufa. Nikafumba macho nisiione sura yako.”

Godoro alikosa pa kuuweka uso wake. Kumbe kila safari tangu siku ile mwanamke huyu alipanda, akafunga mkanda, akateremka naye mlima akijua, akimsubiri aseme. Akakikimbiza kigari mpaka nusu ya kiwanja, akapiga breki kwa nguvu zake zote. Mkanda ukambana mkewe, akagumia kwa maumivu.

“Tena,” akasema.

Akapiga tena, na tena, chuma kikilia, machozi yakimtiririka mzee mzima.

Waliporudi, mshale wa kulia ulipanda vizuri. Wa kushoto haukuinuka. Breki ya upande huo ilikuwa imeganda kabisa. Karakana ilikuwa inafungwa. Binti alishika kalamu, akamtazama mama yule aliyeegemeza kichwa kitini, rangi imemtoka, na kalamu ikasita hewani. Godoro akaona kwamba neno moja tu la kuombea mgonjwa lingetosha. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

“Andika limefeli, mwanangu,” akasema.

Asubuhi walipanda teksi. Mwenye teksi alikuwa bonge la mtu, anayekumbuka matuta akishafika juu yake. Godoro alikaa nyuma na mkewe, mkono ule wa kushoto ameulaza mapajani mwake juu ya shuka lililokunjwa. Wakaanza kuteremka mlima. Mwenye teksi aliachia gari lishuke mbio, akapiga soga, na njia panda ilipomfikia puani ndipo akagandamiza breki. Wote wakarushwa mbele. Teksi ikasimama palepale, lori likapita mbele yao likipiga honi.

“Dereva gani huyu?” mkewe akanong'ona, midomo imemkauka. “Mwambie basi, si ndiyo kazi yako.”

Godoro akauweka sawa mkono wake juu ya shuka.

“Mwache, mke wangu,” akasema. “Anasimama.”